Gunia Lililosema Usiku

Gunia la wifi yangu lilianza kusema mwezi wa nne.
Moto ukishalala, nililisikia toka kitandani:
krr, krr,
kama mtu anayejikuna ukurutu asitake kusikika.
Hermelinda, nikamwita, njoo utege sikio.
Akasema ni panya.
Panya hana subira ile.

Asubuhi tulilifungua uani.
Mahindi meupe, makubwa kama meno ya farasi,
mbegu ya kununua, kule Tlaxiaco, kwa bei ya mbuzi wawili,
na picha ya muhindi mnene kama paja la mtoto.
Yalizaa, simnyimi haki yake:
magunia kumi na moja, mimi manne,
na kila moja alilipitisha mlangoni pangu akihesabu kwa sauti.
Sasa mkono ulizama, ukatoka umejaa unga
ambao hakuna aliyeusaga,
na fukusi wakampanda mpaka kiwikoni,
pua ndefu, hawana haraka,
kama maofisa waliokuja kukagua shamba.

Sikucheka.
Nilicheka baadaye, jikoni, na jiwe la kusagia.

Mahindi yangu ni mafupi, rangi ya kidonda kilichokauka.
Marehemu mama mkwe, Nazaria, aliniachia mafungu sita;
binti yake akapewa shamba la bondeni.
Nilinuna mwaka mzima.
Ganda lake hulipita gunzi, likajisokota nchani
kama mdomo wa mtu aliyeapa.
Yananing'inia darini, moshi unayajua kwa majina.
Zimwage punje kwenye bakuli la bati: zinalia changarawe.

Alikuja msichana wa chuo, Itandehui, na chupa za kioo,
punje hamsini, fukusi ishirini, kitambaa mdomoni.
Wa Hermelinda walifanya harusi.
Wangu walizunguka, walizunguka,
kama wageni waliofika na mlango umekomewa.
Akanieleza: ngozi ya punje hii imeshonwa,
uzi kwa uzi, kwa uchungu ambao ulimi wetu hauuoni;
jike hutoboa ili atage,
na pua yake inachoka kabla ya kufika kwenye wanga.
Pua inachoka!
Nikamwona Nazaria, taya amelikaza.

Lakini msichana alinionyesha punje moja,
ile niliyoijeruhi mwenyewe kwa kisu nikipukuchua.
Ufa haukuzibwa, na humo wao wakajenga.

Na niseme lingine, maana sikuuzii mbegu:
ugumu haujui nani fukusi, nani mzee.
Mahindi haya nayachemsha kwa chokaa mpaka jogoo wa pili,
bega langu la kulia linayachukia,
na baba mkwe Tiburcio, aliyebakiwa na meno manne,
huiweka chapati yangu shavuni, akaiacha hapo
kama deni,
akiiulizia kwa macho ile nyeupe.

Mvua iliponukia, Hermelinda alikuja bila kubisha hodi.
Amefunga kitu kwenye pindo la shali.
Siku tisa alikuwa akilipepeta lile vumbi,
akipitisha kila punje mbele ya mshumaa:
arobaini na moja, nyeupe, nzima, bila tundu.
"Hizi walizikataa," akasema. "Sijui kwa nini."
Hakuniomba mbegu. Sikumpa pole.
Tulipanda mstari wangu, mstari wake, mstari wangu,
chavua ifanye upuuzi wake kwenye upepo.

Mwezi wa nne ujao
tutalala sakafuni, yeye huku, mimi kule,
gunia katikati,
tukisikiliza.